Nani Anaweza Kusema "Shuka"?

Mwezi uliopita niliposti klipu ya sekunde 14. Dogo wa miaka 13, msichana, anapanda ghorofa ya tatu ya piramidi ya watu kwa soshol ya mtaa wetu. Anafika juu, anafungua mikono, halafu mguu unateleza. Wenzake wanamdaka. Hakuumia hata kidogo. Nikazima sauti ya video, nikaweka muziki na kicheko, nikalala. Asubuhi klipu ilikuwa imetembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka kwa ukurasa wangu.

Jumamosi nikarudi mazoezini nikijiona mkubwa. Yule dogo hakunisalimia. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, bila hasira, "Kocha, hukuniuliza."

Kwanza mimi si kocha. Mimi ni msee wa simu. Naenda pale kurekodi, kusaidia kubeba magodoro, na kukumbuka enzi zangu. Pili, nilikuwa na majibu tayari: uso wake hauonekani vizuri, watu wanapenda kikundi, sasa tunajulikana. Lakini kila jibu nililofikiria lilikuwa dogo kuliko lile neno lake moja. Shule kwao walikuwa wameshampa jina: Maporomoko.

Nikafuta klipu. Ila manze sikutulia. Nilitaka kujua kama hili jambo la kumtumia mtoto wa sarakasi bila kumuuliza nilianza mimi, ama lina babu na nyanya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, maktaba yangu ni bando na usiku. Nilichopata kinatosha kuandika, kwa hivyo kaa chini tuongee.

Mtoto wa mtu

Hapa Kenya ukisema "sarakasi" mtu anafikiria siasa. Fungua gazeti lolote: sarakasi bungeni, sarakasi kwa uteuzi wa chama. Yaani vurugu za watu wazima ndizo zimepewa jina la kazi ambayo vijana wanafanya kwa nidhamu kuliko wabunge wote. Ukiniuliza, hilo ni tusi kwa sarakasi.

Neno lenyewe limetoka kwa Kiingereza, na sarakasi ya kisasa ya jukwaani ilianzia London. Mwaka 1768 askari wa zamani anaitwa Philip Astley alianza kuonyesha watu mbinu za kupanda farasi akizunguka duara. Duara lake lilikuja kuwa na upana wa karibu mita 13, na mpaka leo duara za sarakasi nyingi duniani ni za kipimo hicho. Baadaye akaongeza watu wa kuruka, wa kutembea juu ya kamba, na wachekeshaji. Ndio hiyo.

Sasa swali: hao wa kuruka walitoka wapi? Wengi walikuwa watoto. Mzazi maskini, ama wasimamizi wa mayatima, walikuwa wanamkabidhi mtoto kwa bwana wa sarakasi kwa mkataba wa miaka. Mtoto anafunzwa, anakula, analala, na mapato ya mwili wake ni ya bwana. Mmoja wao alikuwa kijana mweusi kutoka Norwich, William Darby, aliyepelekwa akiwa mdogo kwa bwana mmoja aliyeitwa William Batty. Alikua akajiita Pablo Fanque, akawa mtu mweusi wa kwanza kumiliki sarakasi Uingereza, na akafa 1871 akiwa na jina kubwa. Stori yake ni tamu na inafaa filamu. Lakini usisahau ilipoanzia: kuna mkataba, na mtoto hakuwa mezani ulipoandikwa.

Mwaka 1879 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza watoto chini ya miaka 14 kufanya maonyesho ya hatari mbele ya watu. Ilikuwa hatua nzuri, sikatai. Ila cheki mtindo wake. Watu wazima walikuwa wameamua mtoto aruke, halafu watu wazima wengine wakaamua asiruke. Mtoto mwenyewe alibaki pale pale katikati, kimya. Ilichukua miaka mingine 110, mpaka Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ndipo ikaandikwa kwa kifungu cha 12 kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake kwa mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, 1990.

Kuruka bila kuuza tiketi ya mtu

Kati ya hapo na hapo kuna kitu kilibadilika ambacho wengi hawajui. Watoto walianza kufanya sarakasi kwa sababu tu wanapenda.

Mwaka 1929, kwa mji mdogo wa Redlands, California, YMCA ilianzisha sarakasi ya watoto na familia za mtaa. Hakuna aliyekuwa anatafuta nyota wa kuuza. Ilikuwa burudani ya baada ya shule, kama vile wewe ulikuwa unaenda kucheza boli. Mpaka leo iko.

Miaka 20 baadaye, 1949, Amsterdam. Vita vimeisha juzi tu, mji uko na njaa kwa kumbukumbu, watoto wako barabarani. Mama mmoja, Ida Last-ter Haar, akaanzisha Circus Elleboog. Elleboog ni kiwiko kwa Kiholanzi. Wazo lilikuwa rahisi: mtoto haji kutazama sarakasi, anakuja kuifanya. Hutakiwi kuwa na kipaji ndiyo uingie.

Hapo nikapasimamia kidogo. Kwa mpira, ukiwa mnono unawekwa golini. Ukiwa mfupi hakuna anayekuchagua kwa basketi. Kwa sarakasi, mnono ni nguzo ya chini, mfupi ni wa juu kabisa, mrefu anashika katikati, muoga anapiga ngoma, na yule ambaye hawezi kunyamaza ni mchekeshaji. Huo mchezo unahitaji miili isiyofanana. Ndiyo maana vijana ambao hawana pahali pengine wanaingia hapo na wanakaa. Wanajua wakikosa, kuna nafasi inabaki wazi.

Lakini kuwa na nafasi si sawa na kuwa na sauti. Matofali pia yana nafasi kwa ukuta.

Mji wa wavulana waliopiga kura

Hii ndiyo stori iliyonikesha. Mwaka 1956, Hispania, karibu na mji wa Ourense, padri kijana aliyeitwa Jesús Silva alikusanya wavulana 15 wakaanzisha mji wao. Si bweni, mji. Ulikuja kuitwa Benposta. Wavulana walikuwa na meya wao waliyemchagua kwa kura, baraza la kujadili mambo yao, hata pesa zao za kutumia ndani ya mji. Padri alikuwa na ukoo kwa familia ya watu wa sarakasi, kwa hivyo miaka ya 1960 wakaanzisha sarakasi yao, na ikazunguka dunia mpaka Paris na New York.

Sasa weka hiyo kwa kalenda. Hispania ya 1956 ilikuwa chini ya jenerali Franco, na ilibaki chini yake mpaka alipokufa 1975. Yaani nje ya lango la Benposta, mtu mzima mwenye ndevu na familia hakuweza kumchagua kiongozi wa nchi. Ndani ya lango, kijana wa miaka 15 alikuwa anapiga kura.

Piramidi yao ilikuwa na maana iliyosemwa wazi kwa kila onyesho: wenye nguvu wanakaa chini, wanyonge wanapanda juu, na kileleni anasimama mtoto. Dunia ya kawaida ni kinyume kabisa, unajua mwenyewe nani amekanyaga mabega ya nani.

Sikuletei malaika hapa. Benposta ilianza kama mji wa wavulana peke yao, wasichana walikuja baadaye. Kivuli cha padri kilikuwa kirefu sana juu ya hilo baraza. Na mwisho wake ulijaa ugomvi. Lakini wazo limethibitika: unaweza kumpa kijana mwili wa hatari kufundishwa, na kura pia, kwa wakati mmoja. Anayesema vijana hawawezi kuamua anasema tu kwamba hajawahi kujaribu.

Serikali, wafadhili, na wale wenyewe

Turudi kwetu. Mwaka 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere ilituma vijana wa Tanzania China kusomea sarakasi. Waliporudi 1969 likaundwa kundi la taifa. Mbinu nyingi unazoona Afrika Mashariki, piramidi, kusawazisha viti, kuruka ndani ya pete, zina damu ya China kwa njia hiyo na nyingine. Hapa mwili wa kijana haukuwa wa bwana tena, ulikuwa wa taifa. Ni heshima, lakini taifa pia halina tabia ya kuuliza.

Kisha miaka ya 1990 wakaja wafadhili. Ilikuwa kama mvua. Mwaka 1991 Circus Ethiopia ilianza Addis Ababa. Mwaka 1992 Zip Zap ilianza Cape Town, ubaguzi wa rangi ukiwa bado haujazikwa, ikichanganya watoto ambao sheria ya juzi ilikuwa imewatenganisha. Mwaka 1995 Cirque du Soleil ya Canada ikaanzisha Cirque du Monde, mpango wa kufundisha sarakasi kwa vijana walio pembeni ya jamii, kwa nchi nyingi. Neno lililotumika ni sarakasi ya kijamii.

Mimi nimekua ndani ya matunda ya hilo wimbi, kwa hivyo siwezi kulitukana. Lakini Ethiopia inapaswa kukumbukwa. Lile kundi lilikua haraka, watoto waliotoka barabarani wakawa wanasafiri dunia, magazeti ya nje yakawaita muujiza. Mwaka 1998, wakiwa ziarani Australia, kundi la wasanii hao vijana lilikataa kurudi. Wakaomba hifadhi, wakisema walikuwa wananyanyaswa ndani ya sarakasi yenyewe. Walikuwa wamepigiwa makofi miaka mingi. Makofi yote hayo, na hapakuwa na kiti hata kimoja ambapo wangekaa waseme kitu kibaya kinaendelea. Walilazimika kwenda mpaka bara lingine ndiyo wasikike.

Ukitaka kuona njia nyingine, angalia Cambodia. Vijana 9 waliokulia kwa kambi ya wakimbizi ya Site 2, mpakani mwa Thailand, walikuwa wamefundishwa kuchora na mwalimu Mfaransa, Véronique Decrop. Vita vilipoisha wakarudi nyumbani, na mwaka 1994 wakaanzisha shule ya sanaa Battambang pamoja naye: Phare Ponleu Selpak, maana yake mwanga wa sanaa. Sarakasi ikaongezwa baadaye, na tangu 2013 wana hema la maonyesho Siem Reap ambalo watalii hulipa kuingia. Tofauti yake na zingine haiko kwa kuruka. Iko kwa waanzilishi. Wale waliosaidiwa ndio walioanzisha.

Hata Ethiopia haikufa. Mwaka 2004 wasanii vijana Addis Ababa walianzisha Fekat Circus. Fekat kwa Kiamhari ni kuchanua. Ua si lazima liombe ruhusa.

Nguzo ya chini

Hapa Nairobi, ukipita Ngara utaona Sarakasi Dome, jengo ambalo zamani lilikuwa sinema ya Shan. Ni la Sarakasi Trust, iliyoanza 2001. Lakini sarakasi nyingi ya jiji hili haiko kwa jengo lenye jina. Iko kwa soshol za Eastlands, kwa magodoro yaliyochoka na matairi ya lori yaliyozikwa nusu ardhini ya kurukia. Huko ndiko nililelewa.

Nilikuwa na miaka 16. Nilikuwa nguzo ya chini, upande wa kushoto. Nguzo haioni kitu, inaangalia mbele tu, lakini inasikia kila kitu kwa mabega. Kukawa na wageni wa mfadhili fulani. Tukapewa tishati mpya asubuhi, na tukapewa maneno pia: ukiulizwa, sema kabla ya sarakasi ulikuwa karibu kuwa mwizi. Mimi sikuwahi kuiba hata mandazi. Mama yangu anauza nguo, nilikuwa napenda tu kuruka. Lakini nikasema, kwa kamera, nilikuwa karibu kuwa mwizi. Mama aliiona hiyo video. Hajawahi kuniongelesha kuihusu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Siku hiyo rafiki yangu wa ghorofa ya pili alikuwa na kifundo cha mkono kinachomuuma. Alijua. Mimi pia nilijua, uzito wake ulikuwa unatetemeka kwa bega langu. Hatukusema. Hapakuwa na neno la kusema. Kulikuwa na amri ya kupanda, amri ya kushuka ilikuwa ya mkubwa peke yake, na mkubwa alikuwa anaangalia wageni. Piramidi ikaanguka. Mkono wake ukavunjika. Tukaambiwa tuendelee na ngoma ili wageni wasishtuke.

Nilipiga ngoma, wasee. Rafiki yangu akiwa nyuma ya pazia analia, mimi nilipiga ngoma.

Yule mpango uliisha, wale watu wakaenda. Tishati yangu nyanya alifanya kitambaa cha kupigia deki. Rafiki yangu, mkono ulipopona, hakurudi kuruka. Alirudi kufundisha. Ndiye kocha wa sasa, wa kweli. Na jambo la kwanza alilofanya halikuhusu magodoro. Aliweka sheria moja: mtu yeyote ndani ya piramidi, hata yule mdogo kuliko wote, akisema "shuka", piramidi inashuka. Hapo hapo. Hakuna kuuliza kwa nini mpaka miguu yote iko chini. Hakuna kucheka. Ukitaka kusema sababu, tunakaa duara baada ya mazoezi, unasema. Hutaki kusema, sawa pia.

Mwanzoni watoto waliitumia vibaya, nilikuwepo. Shuka kila dakika, wanacheka, mazoezi hayaendi. Wiki chache hivi. Kocha hakuifuta. Akawaacha wachoke nayo. Wakishaamini kwamba ni yao kweli, wakaacha kuichezea. Siku hizi inasikika mara moja, mara mbili kwa wiki, na wakati wote ina maana.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 55, inasema serikali ihakikishe vijana wana nafasi ya kushirikiana, kuwakilishwa na kushiriki. Maneno matamu. Lakini nimefika mikutano ya vijana ambapo kijana anaitwa kufungua kwa densi na kufunga kwa maombi, na kila kitu cha katikati kinaongewa na mzee wa miaka 50. Wanatuita tufanye piramidi, lakini "shuka" wanabaki nayo wao. Wakati vijana walisimama barabarani Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, watu wazima wengi walishangaa ati tumetoa wapi sauti. Sauti ilikuwepo. Hakukuwa na duara la kuisemea.

Ndiyo maana sasa nikisikia "programu ya vijana", siulizi ina watoto wangapi ama imesafiri nchi ngapi. Nauliza nani anaweza kusema shuka, na akisema, nini kinatokea. Jiulize pia kwa kikundi chako, kwaya yako, timu yako ya boli, chama chako.

Nimebaki na kitu kimoja cha kukiri. Baada ya kufuta ile klipu, nilirudi kwa simu nikatazama video nzima, kabla sijaikata, na sauti yake ikiwa bado iko.

Sekunde mbili kabla ya mguu kuteleza, dogo anasema, "Shuka." Si kwa kelele. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Na ukiangalia vizuri, mikono ya wale wa chini inaanza kumfuata hapo hapo, kabla hajateleza. Walimdaka kwa sababu alisema. Wala haikuwa bahati, na hakuwa ameporomoka. Alikuwa ameamua kushuka, na watu 6 wakamsikia.

Hayo ndiyo nilifunika na muziki.

Nilimwonyesha video yote Jumamosi iliyofuata, nikamuomba msamaha mbele ya duara, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Nikamuuliza kama angependa niiposti vile ilivyo, na sauti yake, ili wa shule kwao wajue. Akaangalia mara mbili. Akasema, "Wacha nifikirie, na nimuulize mathe."

Wiki tatu sasa. Hajanijibu. Sijaposti.